Madeje na Foleni ya Bombani

Kho. Kho-kho. Fyuuuu. Kisha kimya.

Hivyo ndivyo bomba la mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, lilivyokuwa linaanza kazi. Lilikohoa upepo kwanza, kama mzee aliyenusa ugoro mwingi kupita kiasi. Likanyamaza. Likakohoa tena, likatema matone matatu ya rangi ya chai, likanyamaza tena. Sisi foleni nzima tulibana pumzi, mkono kwenye mshikio wa ndoo. Siku nyingine maji yalikuja. Siku nyingine ulikuwa upepo tu wa kutuchokoza, tukarudi kukaa juu ya madumu yetu. Nimeshasahau sauti nyingi za utotoni, hata kengele ya shule siikumbuki vizuri, lakini kikohozi cha lile bomba ninacho sikioni mpaka leo.

Nikisema "enzi zetu" mama yangu hucheka mpaka anashika mbavu. "Enzi zako zipi, Neema? Juzi tu hapa nilikuwa nakupangusa kamasi." Ni kweli, thelathini sijafika. Lakini wenzangu mliokaa foleni ya maji na sare ya shule, ngata kichwani, huku mnapiga hesabu kama mtawahi namba ya asubuhi shuleni au mtakuta fimbo getini, ninyi mnajua kwamba enzi tulikuwa nazo.

Ndoo zilipangwa kuanzia bombani mpaka kwenye uzio wa minyaa wa jirani. Kulikuwa na nyeupe zilizokuwa za rangi ya nyumba, kulikuwa na madumu ya mafuta ya kula, kulikuwa na sufuria ya yule ambaye ndoo yake imepasuka. Asiyekuwa na chombo cha ziada aliweka jiwe, na jiwe liliheshimiwa kama mtu mzima. "Jiwe hili la nani?" "La mama Neema, kaenda kuangalia maharage." Basi, jiwe likasogezwa mbele na wenzake. Sisi watoto tulicheza rede kwa mpira wa soksi, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye nyusi. Ule upepo wa Julai ulitupasua midomo, tukapakwa mafuta ya alizeti tukawa tunang'aa kama maandazi. Mwenye bahati alikuwa na barafu ya ubuyu, akaizungusha kwa wenzake, kila mtu mlambo mmoja, ukilamba miwili unasukumwa.

Lakini kilichotukalisha pale si barafu. Ni Mama Joyce.

Mama Joyce alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke mrefu, mwembamba, muuza karanga za kukaanga. Alikuwa na ndoo mbili nyeupe na hadithi moja. Hadithi yenyewe ilimhusu kijana anayeitwa Madeje, aliyetoka kijijini upande wa Mpwapwa na mfuko wa karanga na redio isiyokuwa na betri, akaenda kutafuta maisha. Sheria ilikuwa hivi: anayesikiliza ndiye anayesogeza ndoo za msimuliaji. "Mdomo wangu unafanya kazi," alikuwa anasema, "miguu yangu ipumzike." Na kweli, sikumbuki hata siku moja Mama Joyce akiinuka kusogeza ndoo yake mwenyewe.

Madeje alipitia mambo. Alipata kazi ya kupika kwenye mgahawa, siku ya kwanza akaunguza ugali, wateja wakamsifu wakidhani ni upishi mpya. Alidandia lori la vitunguu kutoka Kondoa, akaamka analia machozi, na dereva akatumia safari nzima kumfariji kwa msiba asioujua. Mwishowe akafika machimboni, huko kwenye dhahabu, na huko ndiko alikokaa muda mrefu kuliko kote.

"Huyo Madeje haoi tu?" mtu anauliza.

"Amwoe nani, na yeye hata kwenye kiti hakai?"

"Mpe binti yangu, nimechoka kumlisha."

"Mwanao mwenyewe hapiki. Madeje ataunguza, mwanao ataunguza, watakula nini?"

Foleni inacheka. Halafu Mama Joyce anashusha sauti, sote tunasogea. "Basi Madeje akasikia mtu anagonga mlango. Na kule machimboni watu hawagongi milango. Akachukua panga, akasogea polepole, akafungua, akaona..."

Kho-kho.

"Maji hayo," anasema Mama Joyce, anajifunga khanga.

"Ameona nini, wewe mwanamke?"

"Kesho."

"Mungu anakuona, Mama Joyce."

Na kesho yake tulikuwa pale kabla ya kuku.

Nilipoingia kidato cha pili tukapata mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Rehema, mtu wa Kondoa, mdogo wa umbo lakini sauti yake ilisikika mpaka darasa la tatu kutoka kwetu. Siku ya kwanza aligawa ubao kwa mstari. Upande mmoja akaandika FANI, upande wa pili MAUDHUI. Tukanakili. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, mgogoro, kilele. Tulinakili kama watu wanaobeba mizigo ya wengine, hatujui ndani kuna nini. Kitabu cha hadithi fupi kilikuwa kimoja kwa dawati la watu wanne, na mimi nilikaa pembeni kabisa, kwa hiyo hadithi zote nilizisoma kwa upande. Mpaka leo nikishika kitabu nainamisha shingo, hata nikiwa peke yangu.

Ila mimi nilikuwa na bahati ambayo wenzangu hawakuiona. Kila alichokitaja Mwalimu, nilishakiona bombani. Alisema mandhari ni mahali na wakati wa tukio. Nikaona minyaa, vumbi, ndoo. Alisema tashihisi ni kukipa kitu tabia ya mtu. Nikasema kimoyomoyo, hilo bomba letu na kikohozi chake. Alitaka mfano wa tashbiha, nikaandika: "Hadithi ya Mama Joyce ilivutika kama mlenda." Akaiwekea alama ya vema.

Alisema mhusika bapa ni yule asiyebadilika tangu mwanzo mpaka mwisho, unajua atasema nini kabla hajafungua mdomo, na mhusika duara ni yule anayekushangaza kwa sababu ndani yake kuna mengi. Nikamwandika mama yangu kwenye bapa bila kusita. Kila asubuhi ya Mungu aliniambia neno lilelile: "Ndoo ikirudi nusu, na wewe urudi nusu."

Halafu ikaja taharuki. Mwalimu alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, darasa limemkodolea macho kama mbuzi njiani. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ni bomba likikohoa." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Rehema akasimama na chaki hewani, akafikiri, akageuka. "Andikeni huo mfano," akasema. Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kama mtu mwenye gari.

Shida yetu kubwa ilikuwa mwisho. Tukiandika hadithi tulianza vizuri, wahusika wanakula, wanakwenda shule, wanagombana, halafu hatujui tuwapeleke wapi. Basi tukawa tunawaua. Basi lilipinduka, nyoka aliuma, mto ulifurika, hata kwenye hadithi inayotokea Dodoma kiangazi. Asiyeua alimwamsha mhusika akakuta kumbe ilikuwa ndoto. Mwalimu akapiga marufuku ndoto: "Atakayeamka kwenye hadithi, aendelee kulala nje ya darasa langu." Kwa hiyo tukaua zaidi. Kufikia katikati ya muhula, kidato cha pili tulikuwa tumezika watu kuliko wahubiri wote wa mtaani.

Ndipo akatupa kazi: kila mtu aandike hadithi fupi yake, yenye kila kitu tulichosoma. "Na iwe na mwisho," akasema. "Hadithi isiyo na mwisho ni foleni isiyo na bomba."

Nikaona mwanga. Hadithi nilikuwa nayo tayari, tamu, foleni nzima inaipenda, na ilikosa kitu kimoja tu. Mama Joyce hakuwa amesoma fani na maudhui. Nilimwonea huruma kabisa. Nikasema nitamsaidia.

Niliandika siku nne. Nilimweka Madeje na redio yake, vitunguu vyake, ugali wake ulioungua. Nikampa dada aliyebaki nyumbani, kwa sababu Mwalimu alisema mhusika mkuu awe na mtu wa kumpenda. Nikampandisha taratibu mpaka machimboni, nikaweka mawingu meusi ili msomaji aanze kuogopa. Kisha nikamwua. "Udongo ukashuka kama pazia. Madeje hakuonekana tena, na kule nyumbani dada yake aliendelea kukaanga karanga, hajui." Nilipoandika "hajui" nililia mwenyewe, machozi yakadondokea daftari, nikafurahi sana kwamba yamedondokea.

Darasani nilisoma mbele, wasichana wawili wakajifuta macho kwa kola. Mwalimu Rehema aliandika kwa kalamu nyekundu, "Vizuri sana. Kilele kizito."

Jumamosi nikaenda nayo bombani.

"Mama Joyce, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo daftari la nini, maji yameanza kuandikiwa majina?"

"Nimeandika hadithi ya Madeje. Mwalimu ameisifu. Nimeimalizia."

Wanawake wakapiga makofi. Mama Joyce akacheka, akajiweka sawa juu ya ndoo. "Haya, leo nami nisikilize. Ila fahamuni, leo ndoo zangu zinasogezwa bure."

Nikasoma. Kwenye vitunguu walicheka. Kwenye ugali walicheka. Nilipofika kwa yule dada anayekaanga karanga, kicheko kikapungua, nikajua fani inafanya kazi. Kwenye mawingu meusi wakanyamaza kabisa. Nikasema kumbe ndiyo hii taharuki, nikashusha sauti, nikavuta maneno. Udongo ukashuka kama pazia. Hajui. Nikafunga daftari, nikainua uso nipokee makofi.

Hakuna aliyepiga. Wanawake walikuwa wanatazama chini, mmoja anachorachora vumbi kwa kidole cha mguu. Mama Joyce aliinuka. Alijifunga khanga, akaifungua, akaifunga tena.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini mbona umemwua, Neema? Mimi bado namtembeza."

Akaondoka. Ndoo zake mbili akaziacha kwenye foleni. Bomba likakohoa, maji yakaja kwa nguvu siku hiyo kuliko siku zote, na hakuna aliyeshangilia.

Nilifika nyumbani na ndoo nusu, nusu nyingine nilikuwa nimeimwaga njiani. Mama alitazama ndoo, akanitazama mimi. Nikasubiri neno lake. Hakulisema. Alinitua, akavuta kigoda, akakaa nami jikoni.

"Wamenisimulia," akasema. "Sikiliza. Madeje ni mdogo wake Mama Joyce. Jina lake Lameki. Aliondoka kwenda machimboni kabla wewe hujaanza shule, hajaandika, hajapiga simu, na hakuna aliyemwona. Wengine kijijini walitaka waweke matanga. Mama Joyce akakataa."

"Na vitunguu? Na mgahawa?"

"Anatunga. Sisi wakubwa tunajua siku zote. Kwani ulidhani tunamsogezea ndoo kwa uvivu wake? Sisi tunasogeza ndoo, yeye anamsogeza mdogo wake."

Nikamtazama mama yangu kana kwamba ni mara ya kwanza tunaonana. Nikakumbuka daftari langu la mazoezi, pale nilipomwandika bapa. Jioni hiyo nilikwenda nikalifuta neno hilo kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka.

Kuanzia hapo Mama Joyce alikuja bombani, alisalimia, aliitikia shikamoo zetu vizuri tu, akakaa anatazama barabarani. Hasimulii. Ndoo zake alizisogeza mwenyewe. Mtu akijaribu kumsogezea, anasema, "Acha tu, mama, ninaziweza." Sijui kama mmewahi kukaa foleni ndefu isiyo na hadithi. Jua linakuwa na uzito. Watu wakaanza kugombana kwa sababu ya mawe. Na mimi ndiye niliyewaletea.

Nikaenda ofisini kwa walimu, nikasimama mlangoni.

"Mwalimu, mtu akifa kwenye hadithi, anaweza kufufuka?"

Mwalimu Rehema alikuwa anasahihisha, hakuinua kichwa. "Hapana. Msomaji atakuona mwongo."

Nadhani alinisikia ninavyopumua, maana aliiweka kalamu chini. "Nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Mfu hafufuki. Lakini rudi usome ulivyoandika. Ulimwona mwenyewe akiwa ndani ya shimo? Au uliona udongo tu?"

Nilikimbia na sare mpaka nyumbani. Nikafungua daftari. "Udongo ukashuka kama pazia. Madeje hakuonekana tena." Hakuonekana. Sikuwa nimeandika popote kwamba alikuwemo.

Kazi ya kumtoa mtu chini ya udongo kwa kalamu ya risasi ni ngumu, ndugu zangu. Nilijaribu kumpitisha kwenye pango, akakwama. Nilijaribu kumfanya augue asubuhi ile, lakini nikaona tena nitamletea Mama Joyce wasiwasi mwingine. Nikafikiri, mtu mzima asipokuwepo kazini wala nyumbani, huku kwetu huwa yuko wapi? Nikacheka peke yangu. Nikaandika. Na wale wenzake wote nikawatoa shimoni wakanywe chai, maana nilishajifunza: hata wao huenda wana dada.

Jumamosi nyingine nikaenda bombani na daftari nimelificha ndani ya ndoo. Mama Joyce alikuwa wa nne, uso barabarani. Sikuomba ruhusa, maana ningeomba ningelia.

"Lakini asubuhi ile," nikasoma, "shimo lilikuwa tupu. Wachimbaji walikuwa wanakunywa chai, na Madeje hakuwepo hata kwenye chai. Ilikuwa zamu yake ya maji. Alikuwa amekaa bombani, ndoo yake ya saba kutoka mbele, redio yake isiyo na betri ipo mapajani. Aliposikia kishindo cha udongo aligeuka kutazama, watu wote wakageuka kutazama. Mwanamke wa mbele yake akamwambia, Usiondoke, kijana, utapoteza nafasi yako. Madeje akakaa. Bomba likakohoa."

Nikashusha daftari. Nilikuwa sina zaidi ya hapo. Mtu mmoja akasema, "Enhe?" Nikatikisa kichwa. Mama Joyce bado alikuwa anatazama barabarani, akatazama, akatazama, mpaka nikaona nimeharibu mara ya pili.

"Ndoo yake rangi gani?" akauliza.

"Ya bluu."

"Hapana." Akageuka. "Madeje hawezi kushika ndoo ya bluu, ataipoteza, za bluu ziko nyingi. Ya kwake ya kijani. Tena haina mshikio, amefunga kamba ya katani, na hiyo kamba ndiyo iliyoleta ugomvi mkubwa, maana huyo mwanamke wa mbele yake..."

Foleni ikasogea kwa pamoja. Mtu akainua ndoo mbili za Mama Joyce, akazipeleka mbele, naye hakukataa.

Siku hizi mtaa umebadilika. Pale bombani pana kibanda cha kuchaji simu, minyaa imeng'olewa, kila nyumba ina bomba lake uani na tangi jeusi juu. Mungu ashukuriwe, vichwa vyetu vimepona. Lakini watoto wetu hawa hawajui kusubiri kitu. Mpwa wangu Glory, tunayeishi naye, nikimwanzishia hadithi ananiambia, "Shangazi, niambie tu mwisho." Ujumbe wa sauti anausikiliza kwa kasi mpaka bibi yake anasikika kama kifaranga. Nimemwambia huko anakokimbilia ndiko tulikokuwa tunaua watu. Hakunielewa, alikuwa anapitisha kidole kwenye simu, watu kumi wamepita kabla sijamaliza sentensi.

Na mimi shule iliishia kidato cha nne, matokeo yalinitazama vibaya, sasa ni fundi cherehani. Ila kwenye droo chini ya mashine nina madaftari matano ya hadithi, na siku moja yatakuwa kitabu, cheka ukitaka. Mama Joyce alihamia kwa binti yake upande wa Mpwapwa. Habari za Lameki sijazisikia, wala siulizi. Naamini huko aliko kuna foleni ya kitu fulani, na watu wamekaa wanamsikiliza, na Madeje bado anatembea.

Juzi maji yalikuwa ya mgao, siku mbili hakuna kitu. Asubuhi mama yuko sokoni, Glory yuko shule, mimi niko peke yangu na nguo ya mteja. Nikasikia uani: kho. Kho-kho. Niliiacha nguo, nikatoka mbio kama zamani, nikatega ndoo yangu. Halafu nikarudi ndani, nikachukua ndoo ya kijani ya kufulia, nikaipanga nyuma ya yangu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale. Ya kwangu ilipojaa nikaiweka kando. Nikaisogeza ile ya kijani.